Kupima kubana kwa valvu ya aota kwa wazee kwa eko: hatua kwa hatua

Wanaoanza kupima moyo kwa ultrasaundi (eko) huleta maswali yale yale. "Mimi nimepata kasi ya mita 3.4 kwa sekunde, mwenzangu kapata 4.3 kwa mgonjwa huyo huyo. Nani kakosea?" "Eneo la valvu limetoka sm² 0.8 lakini gradienti (tofauti ya presha kati ya pande mbili za valvu) ni ndogo, niandike nini?" "Mashine yetu haina CW (Dopla ya mwale usiokatika, inayopima kasi kubwa), nifanyeje?" Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe. Ni wako wewe daktari, tabibu au mtaalamu wa picha unayeweza tayari kupata taswira za msingi za moyo, ila hujazoea kuletewa mzee mwenye mvumo kifuani na kuachiwa uamue.

Nadharia ni fupi. Valvu ya aota ni mlango kati ya ventrikali ya kushoto na aota. Kwa wazee, kalisi hujijenga polepole kwenye vijani vyake (vipande vinavyofungua na kufunga mlango huo) hadi vikakakamaa na kushindwa kufunguka. Tundu likiwa dogo, damu ile ile hulazimika kupita kwa kasi zaidi, na kasi hiyo ndiyo Dopla inayopima. Katika nchi zetu kuna pia madhara ya homa ya rumatiki, ambayo mara nyingi huharibu na valvu ya mitrali. Wapo pia waliozaliwa na vijani 2 badala ya 3, na hao huanza kubanwa mapema kuliko wengine.

Shika jambo moja kabla hujaendelea: Dopla ikikosea katika ugonjwa huu, karibu kila mara hukosea kwenda chini. Usipoelekeza mwale sawasawa na mkondo wa damu utapata kasi ndogo kuliko ilivyo, na mzee mwenye ugonjwa mkali ataandikiwa "wastani" arudi nyumbani. Mwaka 1968 madaktari Ross na Braunwald walionyesha kwamba dalili zikishaanza na valvu isipobadilishwa, wastani wa maisha yaliyobaki ni kama miaka 5 baada ya maumivu ya kifua kuanza, 3 baada ya kuzimia, na 2 baada ya moyo kushindwa kazi. Hakuna dawa inayoifungua valvu hii. Ndiyo maana nasisitiza muda mrefu zaidi uende kwenye hatua ya 6.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Mashine yenye Dopla ya rangi, PW (inayopima kasi ya damu mahali pamoja ulipochagua) na CW. Mashine nyingi ndogo za mkononi hazina CW, kwa hiyo hakikisha kabla hujamwita mgonjwa.
- Probu ya moyo. Kama idara yenu ina ile probu nyembamba kama kalamu isiyotoa picha, itoe kabatini. Katika hospitali nyingi imelala na vumbi, nayo ndiyo chombo bora kuliko vyote kwa kazi hii.
- Waya za ECG zilizounganishwa na mashine ya eko.
- Mashine ya presha, mizani na kipimo cha urefu.
- Stetoskopu, jeli ya kutosha, na kanga au shuka safi ya kumsitiri mgonjwa.
- Muda. Kama foleni inakubana ukaharakisha, ni heri umpange mzee huyu awe wa mwisho.

Hatua

1. Zungumza na mzee kwanza. Mwamkie, mwache aketi, kisha uliza mambo matatu: pumzi kukata akitembea, kifua kubana, na kizunguzungu au kuzimia, hasa akijitahidi. Usiulize tu "unachoka?" Wengi watakujibu kwamba ni uzee, na watakuwa wamepunguza shughuli zao kidogo kidogo bila wenyewe kutambua. Uliza hivi: "Mwaka jana ulikuwa unakwenda msikitini, kanisani au shambani kwa miguu? Na sasa je?" Kisha mgeukie binti au mjukuu aliyemsindikiza umuulize swali hilo hilo. Mara nyingi yeye ndiye anayejua kwamba bibi siku hizi husimama mara mbili njiani.

Sikiliza moyo. Mvumo wa kubana kwa aota husikika vizuri juu kulia kwa mfupa wa kidari na hupanda hadi shingoni. Moyo ukishachoka, mvumo hufifia, kwa hiyo mvumo mdogo haumaanishi ugonjwa mdogo.

Pima presha, uzito na urefu, uviandike. Presha ikiwa juu sana inaweza kubadilisha gradienti na kukupotosha. Kama hali inaruhusu, rudia kipimo ikishatulia.

2. Mlaze kwa ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa, na mto mgongoni kama anahitaji. Msitiri kwa kanga na ufunue sehemu unayopima tu. Mzee anayeona haya hukaza mwili, na hapo picha haiji. Unganisha ECG na uhakikishe mawimbi yanaonekana.

3. Itazame valvu kabla ya kupima chochote. Anza na taswira ndefu ya kando ya kidari, kisha taswira fupi inayoikata valvu kwa upana. Jiulize: vijani ni vingapi? Vina mabaka meupe mazito ya kalisi? Vinafunguka kiasi gani? Kama unaona waziwazi kijani kimoja au zaidi kinafunguka vizuri, ugonjwa mkali ni nadra. Kama valvu yote ni donge jeupe lisilocheza, chukulia kuwa ugonjwa ni mkali mpaka vipimo vikuthibitishie vinginevyo.

Tahadhari: valvu ya vijani 2 inaweza kupinda kama kuba na kuonekana pana kwenye taswira ndefu huku ncha zake zimeshikana. Usiihukumu kwa taswira moja.

Hapo hapo angalia unene wa kuta za ventrikali ya kushoto, nguvu ya kusukuma damu, valvu ya mitrali, na kama aota inavujisha. Nguvu ya kusukuma ikiwa chini ya asilimia 50, iandike kwa herufi zinazoonekana, kwa sababu hubadilisha uamuzi hata kwa mgonjwa asiye na dalili.

4. Pima kipenyo cha njia ya kutokea damu, ile ambayo mashine huiita LVOT. Rudi kwenye taswira ndefu, kuza picha ya eneo hilo peke yake, kisha isimamishe katikati ya msukumo, valvu ikiwa wazi. Pima kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani, palepale vijani vinaposhikia au chini yake kidogo, mstari wako ukiwa wima kwa mkondo wa damu. Rudia mara 3 au zaidi. Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 1.8 na 2.2.

Hapa ndipo eneo la valvu huharibika. Kipenyo kinazidishwa kwa chenyewe, kwa hiyo kosa la milimita 2 linakua. Anayeanza hukosea kwa njia mbili: anapima kwenye picha ndogo ambayo hajaikuza, au anajumuisha bonge la kalisi lililoning'inia kutoka kwenye valvu. Kama picha ni mbaya kiasi kwamba unakisia, usikisie. Andika kwamba haikupimika na utumie uwiano wa hatua ya 8, ambao hauhitaji kipenyo.

5. Pima kasi kabla ya valvu kwa PW. Nenda kwenye ncha ya moyo, pata taswira ya vyumba vitano. Weka dirisha la kipimo lenye upana wa milimita 3 hadi 5 karibu na valvu, kisha lirudishe nyuma polepole kuelekea ncha ya moyo hadi mchoro uwe mwembamba, laini, na katikati pasiwe pamejaa. Mara nyingi pahali hapo ni nusu sentimita hadi sentimita moja kutoka kwenye valvu. Ukiona mchoro umejaa na kutawanyika, umeingia kwenye mkondo uliokwisha kuongeza kasi, rudi nyuma. Chora ukingo wake upate VTI, yaani umbali ambao damu husafiri katika pigo moja.

PW haiwezi kupima kasi ya valvu yenyewe. Ikizidi mita 2 hivi kwa sekunde, mchoro hukatika na kutokea upande wa pili wa skrini. Kwa hilo unahitaji CW.

6. Tafuta kasi kubwa zaidi kwa CW, kutoka kila dirisha, yaani kila pahali unapoweza kuweka probu ukaupata mkondo. Hatua hii ndiyo moyo wa kazi yote.

Anza kwenye ncha ya moyo. Tumia rangi kuona mkondo unaelekea wapi, weka mstari wa CW juu yake, kisha iweke kando imani yako kwa picha na usikilize. Mkondo uliobanwa hutoa sauti nyembamba, kali. Sogeza probu milimita chache, inamishe kidogo, izungushe, huku sikio likifuata sauti inayozidi kuwa kali. Hifadhi mchoro wenye ukingo ulio wazi zaidi.

Usiishie hapo. Mgeuze mzee alalie ubavu wa kulia, weka probu nafasi ya pili au ya tatu kati ya mbavu upande wa kulia wa kidari, na uielekeze chini kidogo kuelekea moyo. Hapo mkondo huja kukuelekea, kwa hiyo mchoro utakuwa juu ya mstari wa sifuri. Kwa wazee wengi, dirisha hili ndilo linalotoa kasi kubwa kuliko zote, kwa kuwa umri ukisonga aota hupinda na mkondo hauelekei tena kwenye ncha ya moyo. Na hili ndilo dirisha ambalo wanaoanza huliruka. Ukiulizwa kwa nini mwenzako kapata 4.3 nawe 3.4, angalia kwanza kama yeye alimgeuza mgonjwa.

Kisha mrudishe chali, inua kidogo kidevu chake, ujaribu kwenye kishimo cha shingo juu ya kidari. Malizia chini ya kidari, kwenye chembe cha moyo. Probu ya kalamu hurahisisha madirisha yote haya kwa sababu huingia vizuri kati ya mbavu za mzee mwembamba.

Pembe ikikosewa kwa nyuzi 30, kasi halisi ya 4.5 itasomeka 3.9. Mgonjwa amehama kutoka "mkali" hadi "wastani" kwa mkono wako tu. Usitumie kitufe cha kurekebisha pembe. Kwa moyo hakisaidii, kinaongeza kosa juu ya kosa.

7. Chora mchoro wa CW kwa uangalifu. Weka kasi ya mchoro milimita 100 kwa sekunde na ushushe skeli ili mchoro ujaze skrini. Punguza geini hadi nyuzinyuzi za kijivu zipotee. Chora ukingo mzito wa nje. Usifuate vinyweleo hafifu vinavyojitokeza nje yake, kwa sababu hivyo huongeza kasi isiyokuwepo. Mapigo yakiwa na mpangilio, chukua wastani wa mapigo 3. Kwa mwenye fibrilesheni ya atria, chukua angalau 5 yanayofuatana. Usichague pigo zuri moja, na usipime pigo linalofuata pigo la ziada, maana hilo huwa kubwa kupita kawaida.

8. Fanya hesabu, hata kama mashine inakufanyia. Mashine huhesabu chochote ulichoilisha. Mfano: mama wa miaka 76, urefu sentimita 160, kilo 58.

Kipenyo ni sentimita 2.0. Eneo la njia ya kutokea = 0.785 × 2.0 × 2.0 = sm² 3.14.
VTI ya PW ni sentimita 21. Damu inayotoka kila pigo = 3.14 × 21, yaani mililita 66 hivi.
CW imetoa kasi ya juu ya 4.2 m/s na VTI ya sentimita 96. Eneo la valvu = 66 ÷ 96 = sm² 0.69.
Gradienti ya juu = 4 × 4.2 × 4.2, yaani mmHg 71 hivi. Gradienti ya wastani inatoka kwenye mchoro uliouchora. Usiipate kwa kuigawa ya juu kwa mbili.
Uwiano wa VTI mbili = 21 ÷ 96 = 0.22.

Sasa tazama kipenyo kinavyocheza na majibu. Ungepima 1.8, eneo lingekuwa 0.56. Ungepima 2.2, lingekuwa 0.83. Uwiano wa 0.22 usingetikisika hata kidogo. Kwa hiyo usiripoti eneo bila kuuandika uwiano pembeni yake.

9. Amua kiwango. Kwa mgonjwa ambaye damu inatoka kwa kiasi cha kawaida:

- Kidogo: kasi chini ya 3.0 m/s, gradienti ya wastani chini ya mmHg 20, eneo zaidi ya sm² 1.5.
- Wastani: kasi 3.0 hadi 3.9, gradienti 20 hadi 39, eneo zaidi ya 1.0 hadi 1.5.
- Mkali: kasi 4.0 au zaidi, gradienti 40 au zaidi, eneo 1.0 au chini yake. Uwiano chini ya 0.25 unaunga mkono.

Valvu nene yenye kasi chini ya 2.0 ni ugumu wa uzee bila kubana. Mama wa mfano wetu ana ugonjwa mkali, na namba zake zote zinakubaliana. Zinapokubaliana namna hiyo, andika bila kusita.

10. Andika ripoti inayoweza kufanyiwa kazi. Taja kasi ya juu na dirisha ilikotoka, gradienti ya wastani, eneo, uwiano, kipenyo ulichotumia, nguvu ya kusukuma damu, presha wakati wa kipimo, na dalili alizokueleza mzee. Dirisha ni muhimu zaidi ya unavyodhani: mwakani mtu mwingine atapima, na asipojua kwamba 4.2 ilitoka kulia kwa kidari, atapata 3.6 kwenye ncha ya moyo na kudhani mgonjwa amepata nafuu. Valvu ya kalisi haipati nafuu.

Mambo yakienda kombo

*Eneo ni chini ya 1.0 lakini gradienti ni chini ya 40.* Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Fuata mpangilio huu. Kwanza rudia kipenyo, pengine ulikipima kidogo mno. Pili, hakikisha ulijaribu madirisha yote. Tatu, angalia mwili: bibi mdogo wa kilo 42 anaweza kuwa na eneo la 0.9 bila ugonjwa mkali, kwa hiyo gawanya eneo kwa ukubwa wa mwili (mita za mraba zinazohesabiwa kutoka urefu na uzito). Mkali ni 0.6 au chini yake kwa kila mita ya mraba. Nne, gawanya damu inayotoka kila pigo kwa ukubwa wa mwili. Ikiwa chini ya mililita 35 kwa mita ya mraba, moyo unatoa damu kidogo na gradienti haiwezi kupanda hata valvu ikiwa imebana sana. Usiandike "wastani". Andika kwamba namba hazikubaliani, damu inayotoka ni kidogo, na ugonjwa mkali haujaondolewa. Vituo vikubwa vina eko ya dobutamini (dawa inayoongeza nguvu ya moyo) kwa ventrikali dhaifu, na CT ya kuhesabu kalisi, ambapo alama 1200 kwa mwanamke na 2000 kwa mwanaume huelekeza kwenye ugonjwa mkali.

*Kasi imetoka 5.5 lakini valvu inafunguka vizuri.* Huenda umeshika mvujo wa mitrali. Mchoro wa mvujo huo huanza mara tu baada ya QRS (wimbi refu la ECG) na hudumu zaidi. Wa aota huchelewa kidogo kuanza na huisha mapema. Elekeza probu mbele kidogo na ulinganishe na ECG.

*Mchoro umechelewa kufika kileleni, umepinda kama jambia.* Kizuizi kiko chini ya valvu, kwenye misuli iliyonenepa. Tembeza PW kutoka ncha ya ventrikali kwenda juu uone kasi inaruka wapi. Kasi ya PW ikizidi 1.5 m/s, gradienti ya mashine itakuwa imezidishwa. Toa kwenye gradienti hiyo sehemu inayotokana na kasi ya PW.

*Aota inavujisha sana pia.* Kasi na gradienti vitapanda kwa sababu damu inayopita ni nyingi. Eneo bado linaaminika. Eleza vyote viwili.

*Sipati dirisha lolote, mzee ana mapafu yaliyojaa hewa.* Mwambie atoe pumzi aishikilie kidogo, kisha anza na chembe cha moyo. Ukikosa kabisa, andika "kipimo hakikutosheleza". Ni jibu halali, na linamlinda mgonjwa kuliko namba ya kubahatisha.

*Mashine haina CW.* Unaweza kutazama kalisi, kufunguka kwa vijani, unene wa kuta na rangi. Mzee mwenye mvumo na valvu iliyojaa kalisi isiyofunguka anatosha kupewa rufaa. Usiandike kiwango.

Baada ya kipimo

Ugonjwa mkali wenye dalili, au wenye nguvu ya kusukuma chini ya asilimia 50, unahitaji rufaa sasa kwenda kituo kinachobadilisha valvu: Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete Dar es Salaam, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta Nairobi, Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago, au nyingine iliyo karibu. Umri peke yake si sababu ya kutompeleka. Tangu Alain Cribier alipoweka valvu kwa kupitia mshipa huko Rouen, Ufaransa, mwaka 2002, hata wale wasioweza kupasuliwa kifua wana njia katika vituo vinavyotoa huduma hiyo. Wakati anasubiri, waandikie wanaomhudumia wajihadhari na dawa zinazoshusha presha ghafla, hasa naitreti.

Wasio na dalili hurudi kwa ratiba: mkali kila miezi 6 hadi 12, wastani kila mwaka 1 hadi 2, kidogo kila miaka 3 hadi 5. Mweleze mzee na aliyemleta, kwa maneno yao, kwamba mlango wa moyo umekakamaa, na kwamba pumzi ikianza kukata, kifua kikibana au akizimia, asisubiri tarehe ya kadi.